Kabla ya Ada, Hesabu Saa za Kamera

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali moja hurudi katika familia za huku kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe: mtoto amefaulu, anapenda kamera, je, chuo kipi cha filamu na picha kina ada nafuu? Swali hilo limeanzia mahali pasipofaa. Ada ndiyo namba inayoonekana haraka kwa sababu imechapwa kwenye fomu ya kujiunga, lakini katika fani hii haisemi unanunua nini. Anayesoma historia hununua mwalimu na maktaba. Anayesoma filamu hununua saa: saa za kushika kamera, za kuvaa hedifoni na kusikiliza sauti, za kusogeza taa, za kukaa kwenye kompyuta na kuhariri, zote mbele ya mtu anayeweza kumwonyesha alipokosea. Chuo cha ada ndogo kisicho na saa hizo ndicho kitakachomgharimu zaidi kuliko vingine.

Tuchukue mifano miwili ya kubuni. Chuo cha kwanza kinatoza 1,200,000 kwa mwaka. Darasa lina wanafunzi 40, kamera zinazofanya kazi ni 4, na kila kamera hutoka stoo saa 20 kwa wiki. Muhula una wiki 15. Kamera 4 mara saa 20 mara wiki 15 ni saa 1,200. Gawa kwa 40, kila mwanafunzi anapata saa 30 kwa muhula, na saa 180 kwa mihula 6. Ada ya miaka mitatu ni 3,600,000, kwa hiyo kila saa ya kamera imemgharimu shilingi 20,000.

Chuo cha pili kinatoza 900,000. Wanafunzi ni 60 na kamera nzima ni moja. Nyingine mbili zimefungiwa kabatini zikisubiri betri. Kwa mpango uleule, saa ni 300 kwa muhula, gawa kwa 60, unabaki na saa 5. Miaka mitatu inazaa saa 30. Ada yote ni 2,700,000, na kila saa imekula shilingi 90,000. Huyu wa pili ndiye aliyepongezwa nyumbani kwa kupata chuo cha bei nafuu. Saa 30 za kamera, kijana anayefuatana na mpiga picha wa harusi pale Mwanjelwa, Mbeya, huzifikisha ndani ya mwezi mmoja wa sendoff na harusi, bila kulipa ada yoyote.

Mtu anaweza kujibu kwamba filamu ni kazi ya kundi. Kamera ikiwa kwa mmoja, wenzake wanne hawajakaa bure, maana kuna anayeongoza, anayeshika sauti, anayepanga taa na anayeandika kumbukumbu za kila shoti. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana hesabu isiishie kwenye kamera. Uliza rekoda za sauti ni ngapi, maiki za fimbo na za kubana kwenye kola ni ngapi, taa na stendi zake ni ngapi, kompyuta za kuhariri ni ngapi na chumba hufungwa saa ngapi. Chuo chenye kamera sita na maiki moja kitakupa wahitimu wanaopiga picha nzuri zisizosikika.

Namba hizi hazimo kwenye vipeperushi. Zinapatikana kwa kwenda, au kwa kumtuma ndugu aliye karibu, au kwa kumpigia mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza bado hajui, na wa mwisho ameshazoea. Usimuulize kama chuo ni kizuri. Muulize mara ya mwisho kushika kamera ya chuo ilikuwa lini, aliipata kwa siku ngapi, na kama aliruhusiwa kutoka nayo nje ya geti. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Vyuo vingine vina vifaa vizuri visivyotoka chumbani kwa hofu ya kuibiwa, na mwanafunzi anamaliza miaka mitatu bila kupiga picha sokoni, stendi ya mabasi wala shambani. Uliza pia kamera ikianguka nani analipa. Mahali pasipo na utaratibu ulioandikwa, mtunza stoo hujilinda kwa kukataa kutoa.

Baada ya vifaa, tazama kazi. Omba kuonyeshwa filamu tatu za mwaka wa mwisho zilizotengenezwa na wanafunzi, siyo tangazo la chuo lililotengenezwa na kampuni. Ya kwanza isikilize umefumba macho. Kama maneno yanamezwa na upepo, mwangwi wa ukumbi au mvua kwenye bati, hapo sauti haifundishwi, na sauti ndiyo inayomfukuza mtazamaji mapema kuliko picha mbaya. Kwa sisi wa huku hili si dogo: Tukuyu, wilayani Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na anayetaka kufanya kazi Rungwe lazima awe amefundishwa kurekodi mazungumzo chini ya bati.

Ya pili itazame kwenye matukio ya ndani, usiku, chini ya taa za umeme. Ukiona mistari ya giza inayopanda au kushuka taratibu kwenye picha, kosa ni la kujulikana. Umeme wetu ni wa Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyoachwa kwenye fremu 30 kwa sekunde na shata (kifuniko kinachopima muda wa mwanga kuingia) ya 1/60 ya sekunde haiendi sambamba na taa hizo, ndipo mistari hutokea. Mwalimu anayejua kazi atakujibu hapo hapo kwamba unaweka fremu 25 na shata 1/50, au 1/100 mwanga ukizidi. Asiyeweza kulijibu hilo hajapiga video kwenye ukumbi wa kanisa hata mara moja, na hatakufaa kwa miaka mitatu.

Ya tatu soma majina ya mwishoni. Kama jina lile lile linajirudia kwenye uongozaji, kamera na uhariri wa filamu zote, kuna kijana mmoja aliyekuja na kamera yake kutoka nyumbani na chuo kinajivunia jasho lake.

Kuna karatasi moja zaidi ya kuomba, nayo ni orodha ya masomo pamoja na krediti zake. Shahada ya kawaida nchini ina krediti zisizopungua 360 kwa miaka mitatu, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Somo la krediti 12 ni saa 120. Chukua kalamu, weka alama kwenye masomo ambayo mtihani wake ni kazi unayoikabidhi, yaani filamu fupi, mfululizo wa picha, mswada au sauti iliyochanganywa. Masomo ya nadharia yana kazi yake. Bila historia ya filamu na uchambuzi wa hadithi unabaki fundi wa kubonyeza. Lakini kama kati ya krediti 360, zile zenye kazi ya mikono hazifiki 120, hiyo ni shahada ya kuzungumza kuhusu filamu. Jina la shahada lisikudanganye kwa upande wowote: kuna shahada za uandishi wa habari zenye picha na video nyingi kuliko zenye neno filamu kwenye kichwa.

Sasa tuangalie vyuo vilipo. Mbeya na Iringa zina vyuo vikuu na vyuo vya kati vya kutosha, ila majina yanayotajwa kwanza kwenye filamu yako nje ya ukanda wetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya filamu na televisheni chini ya idara yake ya sanaa za ubunifu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina shahada ya sanaa za maonyesho na filamu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa, hufundisha ngazi za cheti na diploma, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina diploma ya multimedia na teknolojia ya filamu. Vyote hivi ni vya umma. Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Iringa, kilichokuwa Tumaini, kimekuwa kikitoa shahada ya uandishi wa habari. Chuo Kikuu Huria, chenye vituo mikoani ikiwemo Mbeya, Iringa, Njombe na Ruvuma, hufundisha fani za habari na mawasiliano kwa mtindo wa kujisomea. Upigaji picha za mnato wenyewe mara nyingi huja kama somo ndani ya filamu, habari au sanaa za ufundi, kwa hiyo anayetaka picha tupu atafute somo ndani ya programu, asitafute jina la programu.

Kabla ya kulipa hata fomu, hakikisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Chuo kusajiliwa ni jambo moja, na programu kuwa na ithibati ni jingine. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa kufundisha uhasibu huku kikitangaza diploma ya filamu ambayo haijapitishwa. Kwa shahada, tafuta jina la programu kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka husika; kwa cheti na diploma, angalia kwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, namba ya usajili ya chuo inayoanza na REG na orodha ya programu zake. Ukikosa jina la programu, acha. Cheti cha miezi sita cha "filamu na grafiki" kinachotolewa ghorofani bila usajili kinaweza kukufundisha kuediti vizuri, na kama bei ni ndogo na mwalimu ni fundi, hakuna ubaya. Ila ujue umenunua ujuzi na hukununua ngazi ya elimu, na hakitakuvusha kwenda popote.

Ngazi yenyewe ndiyo eneo ambalo fedha nyingi huokolewa. Mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini anaanza cheti, ngazi ya 4 ya NTA (mfumo wa tuzo za elimu ya ufundi), na kufika diploma, ngazi ya 6, kwa miaka mitatu. Wa kidato cha sita mwenye principal moja (alama A hadi E) na subsidiary moja (alama S) anaweza kuanzia ngazi ya 5, akamaliza diploma kwa miaka miwili. Kuingia shahada moja kwa moja kunahitaji principal mbili zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo yanayotakiwa na programu, na kutoka diploma kunahitaji GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 pamoja na masharti ya programu. Naona kwa vijana wengi wa huku ambao hawana uhakika wa mkopo, diploma ya miaka miwili kwenye taasisi ya umma, kisha mwaka mmoja au miwili ya kazi, kisha shahada kwa fedha yao wenyewe, ni njia salama kuliko kurukia shahada wakiwa na ada ya mwaka wa kwanza tu. Hofu ya wazazi kwamba mtoto akishaonja hela hatarudi darasani ina ukweli, lakini anayeacha shahada mwaka wa pili kwa kukosa ada hutoka hana kitu, na anayesimama baada ya diploma ana cheti mkononi.

Ila kuna wanaohitaji shahada, na waambiwe mapema. Anayetaka kuwa Afisa Habari wa halmashauri au wizara, anayetaka kufundisha chuoni, anayetaka shahada ya uzamili nje, hao diploma itawakwamisha. Hapo kuna mtego mwingine. Matangazo ya ajira za umma hutaja fani kwa majina, kama uandishi wa habari, mawasiliano ya umma au uhusiano wa umma. Chukua matangazo mawili matatu ya Sekretarieti ya Ajira ya nafasi unayoiota na ulinganishe na jina la shahada unayoombea. Mwenye lengo hilo, shahada ya habari yenye kamera nyingi humfaa kuliko ya filamu, hata kama moyo wake uko kwenye hadithi za kubuni. Kwa anayetaka kujiajiri, hakuna mteja wa ubarikio au wa kwaya atakayeomba kuona cheti. Ataomba kuona kazi.

Turudi kwenye fedha, maana ada mara nyingi si gharama kubwa kuliko zote. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 830. Kwenda Dodoma kupitia Iringa na Mtera ni kama 600. Kwa wa Iringa tofauti ni kubwa zaidi, kama 260 kwenda Dodoma dhidi ya 500 kwenda Dar. Safari nne kwa mwaka, kwenda na kurudi mara mbili, kwa miaka mitatu ni safari 12, na tofauti hiyo ya umbali inajirudia kila mara. Kikubwa zaidi ni malazi. Hosteli ya chuo na chumba cha kupanga mtaani vinaweza kutofautiana kiasi cha kufuta faida yote ya ada ndogo, hasa ukiongeza mkataba wa miezi sita, godoro na nauli za daladala za kila siku. Uliza chuo kinawahakikishia hosteli wanafunzi wa mwaka wa kwanza tu au wa miaka yote. Na usisahau vitu vidogo vilivyo chini ya fomu: usajili, kitambulisho, bima ya afya, serikali ya wanafunzi, mitihani, na shilingi 20,000 za TCU kila mwaka.

Ndani ya fani hii kuna gharama ambayo fomu haiitaji kabisa, nayo ni filamu ya mwisho. Hapo ndipo bajeti za wanafunzi wengi hupasuka. Kundi la watano likitaka kupiga nje ya chuo litalipa usafiri, chakula cha waigizaji, kukodi taa na kibali. Bodi ya Filamu ina mamlaka ya vibali tangu sheria ya 1976, na anayefikiria kwenda kupiga maua ya Kitulo au wanyama wa Ruaha ajue hifadhi za taifa zina tozo zake za kupiga filamu, juu ya kiingilio. Uliza chuo kinachangia nini kwenye filamu ya mwisho. Kama jibu ni barua ya utambulisho tu, tenga fedha kuanzia mwaka wa kwanza, au andika hadithi inayowezekana ndani ya nyumba moja na uwanja wake. Hadithi ya watu wawili jikoni, ikiwa na sauti safi, humpitisha mwanafunzi vizuri kuliko vita vya Mkwawa vilivyopigwa na askari sita.

Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo hupima uhitaji wa mwombaji na huangalia fani, na sanaa hazisimami mbele ya afya, ualimu wa sayansi au uhandisi. Omba hata hivyo, na omba kwa usahihi: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, vyeti vya vifo kama mzazi amefariki, mdhamini mwenye kitambulisho, ada ya maombi 30,000, na sahihi zote za serikali ya mtaa na hakimu au wakili mahali zinapotakiwa. Maombi mengi hukwama kwa mhuri uliokosekana au kwa jina lililoandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa na cha shule, na marekebisho hayo huchukua wiki, hivyo yaanze kabla ya matokeo kutoka.

Bumu, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi, limekuwa shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, na hushuka kwa awamu. Siku 60 ni 600,000. Kila mwaka kuna wanaopokea bumu la kwanza na kulipeleka lote Kariakoo kununua kamera. Ifikapo wiki ya tano kamera inauzwa kwa nusu bei ili mtu ale. Mkopo wenyewe una sehemu ya mahitaji maalumu ya kitivo kwa baadhi ya programu. Uliza ofisi ya mikopo ya chuo kama programu yako imo kabla hujagusa hela ya chakula. Na ukumbuke kurudisha: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara wa 700,000 unakatwa 105,000 kwa mwezi, na deni la milioni 10 linaisha baada ya miezi 96 hivi, miaka minane. Si sababu ya kukataa mkopo, ila ni sababu ya kutokopa kwa ajili ya chuo chenye saa 30 za kamera.

Vifaa vya mwanafunzi vinunuliwe kwa hatua, na cha kwanza kisiwe kamera. Cha kwanza ni diski ya nje. Kamera inayorekodi video ya 4K, yenye picha kali sana, kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza GB 45 kwa saa moja. Kundi likipiga saa tatu ni GB 135, na kwa kuwa lazima pawe na nakala mbili ni GB 270 kwa siku moja ya kazi. Kompyuta za chuo hufutwa kila muhula, na kila mwaka kuna kundi linalopoteza filamu kwa sababu nakala ilikuwa moja. Diski ya TB 1 yako mwenyewe, hedifoni za kuziba masikio na maiki ya kola ya waya vitakufaa kwenye kila kamera utakayoazima, hata kwenye simu. Programu ya kuhariri si lazima ulipie kwa dola kila mwezi: DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kwa shahada nzima, mradi kompyuta iwe na RAM ya GB 16 na kadi ya picha yake yenyewe. Kwa picha za mnato kuna darktable na GIMP, za bure.

Ukifika wakati wa kamera, nunua iliyotumika lakini kwa macho mawili. Kamera za bei ya chini kabisa dukani, kama Canon 2000D na 4000D, hazina tundu la maiki, kwa hiyo kwa video zitakukwamisha siku ya kwanza. 200D ina tundu la maiki ila haina la hedifoni. 80D ina yote mawili. Uliza shata imepiga mara ngapi. Ya 80D ilitengenezwa kuhimili kama 100,000, na iliyozunguka harusi za miaka mitano huwa imekaribia au imepita. Funga lenzi hadi f/16, yaani tundu lake la mwanga liwe dogo, piga ukuta mweupe, kuza picha. Madoa meusi yasiyohama ni uchafu kwenye sensa, kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga. Mulika tochi ndani ya lenzi kutoka nyuma. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wa Tukuyu kuvu hukua haraka lenzi ikihifadhiwa kwenye mkoba wa ngozi. Sanduku la plastiki linalofunga vizuri na pakiti za silika za kunyonya unyevu huokoa lenzi. Lenzi moja ya 50 mm yenye f/1.8 humfaa mwanafunzi kuliko kuumiza kichwa na kamera ghali zaidi.

Waliopo kwenye vikundi wana mlango mwingine wa fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana waliomaliza diploma, chenye andiko linaloonyesha kamera ngapi, wateja gani na marejesho ya kila mwezi, kina hoja ya kueleweka kwa afisa maendeleo ya jamii. Andiko lisiseme "kuinua sanaa". Liseme ubarikio mara ngapi, kwaya ngapi, mahafali mangapi kwa mwaka, kwa bei gani.

Na hapo kuna kalenda ya kuzingatia. Mwanafunzi anayetegemea kamera kujisomesha hapati hela mwezi kwa mwezi. Mahafali ya kidato cha nne hujaza Septemba na Oktoba. Kwaresima harusi za makanisa mengi husimama. Chuo hufungua Oktoba au Novemba, katikati ya msimu mzuri, na ada ya muhula wa kwanza hutakiwa hapo hapo. Kwa mzazi, mpunga wa Mbarali na Kyela huvunwa kuanzia katikati ya mwaka na bei huwa chini wakati huo. Gunia lililohifadhiwa hadi Oktoba ndilo linalolipa ada vizuri. Panga malipo kwa mihula na uombe ratiba ya awamu kwa maandishi kabla ya kufungua, kwa sababu asiyesajiliwa hana jina kwenye orodha ya stoo ya vifaa, na wiki tatu bila kamera zimekwenda.

Nje ya nchi huvutia kwa neno "bure". FAMU, shule ya filamu ya Prague nchini Ucheki, haitozi ada kwa anayesoma kwa Kicheki, na vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada. Lakini mwombaji wa viza ya Ujerumani hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu. Tangu Septemba 2024 akaunti hiyo imekuwa ya euro 11,904 kwa mwaka. Shule hizo pia huchagua kwa kazi ulizotengeneza na kwa lugha yao, kwa hiyo zifikirie baada ya diploma, ukiwa na filamu mbili mkononi. Shahada ya nje, pamoja na zile za mtandaoni, itahitaji kutambuliwa na TCU ukitaka kuitumia kwenye ajira ya umma hapa. Hakikisha hilo na TCU kabla ya kulipa senti ya kwanza.

Kwa aliyekwisha kuingia chuo chenye kamera moja, kuhama si jibu la pekee. Stoo huwa tupu mwanzoni mwa muhula na saa za asubuhi, kabla kazi hazijatolewa. Anayeandika mswada wakati wa likizo na kuomba kamera wiki ya pili hupata siku ambazo wenzake wanazigombania wiki ya kumi na mbili. Jitolee kurekodi mahafali na mikutano ya chuo, maana anayerekodi shughuli za ofisi ya mkuu wa chuo hukabidhiwa kamera bila foleni. Mafunzo kwa vitendo yafanyie nyumbani, kwenye redio na televisheni za mkoa, studio za kwaya, au kampuni za parachichi za Njombe na Rungwe zinazohitaji picha za shamba na ghala. Kule mjini wanafunzi kumi hugombania kubeba tripodi moja. Na ada ikikatika kabisa, andika barua ya kuahirisha mwaka kabla ya tarehe ya mwisho ya usajili, nakala iende ofisi ya mikopo kama una mkopo, na utunze iliyopigwa mhuri. Aliyeahirisha kwa barua hurudi mwaka unaofuata na alama zake zote. Aliyeondoka kimya huhesabiwa kuwa ameacha masomo, naye huanza upya na ada ya mwaka wa kwanza.